Picha zangu nne na apareyi zilizozipiga (Goma, 2009 hadi 2021)

#1 JiweJeusi, Goma

Jambo wote. Nimekaa humu miaka nikisoma bila kuandika, nikila vya bure. Leo nalipa. Naweka picha nne, na kwa kila moja nitasema ilitoka kwenye apareyi gani (kwetu kamera ndiyo tunaiita hivyo). Sipigi kwa kazi. Kazi yangu ni hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, misumari na mabati, mpaka saa kumi na moja jioni. Picha ni wazimu wa Jumapili.

Wazimu wenyewe una chanzo. Albamu ya nyumbani kwetu, ile yenye kurasa za plastiki zinazonata, ilibaki ndani ya nyumba tarehe 17 Januari 2002, volkano yetu ya Nyiragongo ilipotema lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Sura yangu ya utotoni naijua kwa masimulizi ya mama tu. Siku niliyoelewa kwamba picha ya dijitali inaweza kulala sehemu tatu kwa wakati mmoja, nilianza kutafuta kamera.

Picha ya kwanza. Fundi wa chukudu, Buhene, 2009. Canon PowerShot A520, megapikseli 4.

Niliinunua mtumba, dola 40, kwa jamaa aliyekuwa anahamia Kampala. Kioo cha nyuma ni inchi 1.8, kama stempu ya barua. Lakini ina kitundu cha kuchungulia, na inakula betri mbili ndogo za kawaida, zile za redio. Kwa mtaa ambao umeme ulikuwa unakuja kama mgeni, yaani bila taarifa na bila kulala, hilo lilikuwa jambo kubwa. Betri za bei ya chini zilikuwa zinakata roho baada ya picha kumi na tano. Nikapata nne za kuchaji, nikapumua.

Fundi anachonga gurudumu. Amepiga goti, tezo mkono wa kushoto, vipande vya mti vimemjaa kwenye nywele. Nyuma yake kuna geti la bluu lililoandikwa vipimo vya mbao kwa chaki. Mtoto amekaa juu ya chukudu ambayo haijaisha, miguu inaning'inia. Juu kabisa ya fremu, ncha ya Nyiragongo na moshi wake. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua linatoka upande wa Rwanda, limeukuta ule mkono wenye tezo na kuuacha uso nusu gizani.

Aliniambia, "Foto piga, lakini uniletee karatasi." Nikaahidi. Baada ya miezi mitatu nikarudi, geti limefungwa kwa mnyororo, jirani akasema mzee ameenda kutafuta miti upande wa Rutshuru. Sikurudi tena. Karatasi haikufika. Mnaweza kunitukana.

Picha ya pili. Wekundu wa Nyiragongo usiku, 2013. Nikon D40, lenzi ya 18-55.

Wenzangu wa Goma wanajua. Zamani ziwa la lava lilipokuwa juu kule kreta, usiku mawingu yalikuwa yanawaka mekundu kama mtu ameacha jiko. Nilikuwa juu ya paa la shemeji, Katindo. Tripodi sina, nikaiweka kamera juu ya mfuko wa maharage wa kilo tano. Maharage ni tripodi nzuri sana, yanashika lenzi upande unaotaka, halafu kesho yake yanapikwa. Sekunde 25, tundu la lenzi f/4, wepesi wa sensa ISO 400, na taimeri ili kidole kisiitikise.

Usiku wa kwanza nilirudi na takataka. Picha zote zilitoka na mawingu ya kijivu, kwa sababu kamera iliachiwa ichague rangi nyeupe yenyewe, ikaona wekundu mwingi ikadhani ni kosa la taa, ikaufuta. Usiku wa pili nikaweka alama ya jua, nikafokasi kwa mkono kwenye taa ya mnara wa simu ulioko mbali. Wekundu ukabaki. Tangu mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, ziwa lile lilipokauka, sijapata tena anga kama ile. Kwa hiyo hii hairudiwi hata nikinunua kamera ya bei ya gari.

Picha ya tatu. Wavuvi wa sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu), alfajiri, 2015. D40 hiyo hiyo, lenzi ya 50mm f/1.8D.

Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma kama pembe za panzi. Wanarudi, taa bado zinawaka, ziwa limekuwa rangi ya bati. Mmoja amefungua mdomo. Alikuwa anaimba, lakini ukiangalia picha peke yake utasema anapiga miayo.

Lenzi hii nayo ina hadithi ya aibu. Nililipa, nikaifunga kwenye D40, nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Kumbe D40 haina mota ya kufokasi ndani ya mwili wake, na lenzi za D za zamani zinategemea mota ya kamera. Sikusoma kabla ya kulipa, kosa ni langu. Basi nikajifunza kuzungusha kwa vidole. Chini kushoto ndani ya kitundu kuna nukta ya kijani, ukipatia inawaka. Miaka miwili nilipiga hivyo, na siku hizi hata nikiwa na lenzi ya kujifokasi naona kama imenipokonya kazi.

Picha ya nne. Barabara ya Sake, 27 Mei 2021. Simu, Tecno Camon.

Siku tulipoambiwa tuondoke mjini. Mama amebeba godoro kichwani na kuku kwapani. Mbele yake mtoto amebeba rimoti ya televisheni. Televisheni yenyewe haipo. Kamera zangu zilikuwa chini kabisa ya mizigo. Nilipiga moja, nikarudisha simu mfukoni, sikutaka ya pili.

Karibuni.

#2 Mwana_wa_Katuba, Lubumbashi

Yambo mukubwa! Hii ya rimoti imenikaa kooni. Aksanti kwa kuiweka.

Maswali mawili. Ya kwanza, picha ya fundi umeigeuza? Tezo kushoto, sijaona fundi wa kushoto hata mmoja maisha yangu yote. Ya pili: sasa unakubali kwamba CCD, ile sensa ya zamani ndani ya D40, ina rangi ambayo kamera za leo hazina? Ule wekundu hautoki kwenye CMOS, sensa za siku hizi. Njo vile.

#3 Bahari_ya_Tanga, Tanga

Samahani wakuu, chukudu ni nini? Naona kama baiskeli ya mbao imezaa toroli.

#4 JiweJeusi, Goma

@Bahari_ya_Tanga umesema vizuri kuliko mimi. Ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili ya mbao, usukani kama wa baiskeli, na ubao mrefu wa kuwekea mzigo. Hakina pedali wala mnyororo. Mwenye chukudu anaweka goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma ardhi. Ukishuka mteremko unapanda juu na mzigo wako. Gurudumu linavalishwa mpira wa tairi kuukuu, na breki ni kipande cha mpira nyuma unachokikanyaga. Viazi, makaa, kabeji, saruji, vyote vinashuka mjini hivyo. Goma kuna mpaka sanamu yake ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Nimeipiga mara mia na sijapata picha hata moja ya maana, sijui kwa nini. Labda kwa sababu haijabeba kitu cha kuuza.

@Mwana_wa_Katuba sikugeuza. Kuza uangalie geti, tarakimu za chaki zinasomeka sawa. 7 yake ina kimkia katikati.

CCD nakujibu jioni, nikimaliza hesabu. Nakuonya, hutafurahi.

#5 Nyawera88, Bukavu

Kaka JiweJeusi, picha nzuri, hongera. Lakini umesema tukutukane, mimi naanza. Mtu amekupa uso wake, mikono yake, mtoto wake na asubuhi yake. Wewe umeenda mara moja, mnyororo, basi, kwaheri. Mimi napiga picha za harusi Kadutu na Ibanda, najua bei ya karatasi moja. Haifikii nauli yako ya kwenda kule kuitafuta hiyo picha. Deni ni deni.

#6 JiweJeusi, Goma

Yaya (dada mkubwa), nimepokea. Sina la kujitetea.

#7 Mwana_wa_Katuba, Lubumbashi

Nimekuza. Kweli tarakimu ziko sawa. Basi mzee alikuwa wa kushoto, namuomba radhi huko aliko.

Nasubiri CCD.

#8 JiweJeusi, Goma

Haya. Kaka yangu, CCD na CMOS vyote viwili vinafanya kazi moja: vinahesabu mwanga ulioangukia kila pikseli. Pikseli yenyewe haijui nyekundu wala bluu. Juu ya sensa kuna vichujio vidogo vya rangi, vimepangwa nyekundu, kijani, bluu, na programu ndani ya kamera ndiyo inakisia rangi kamili. Kwa hiyo "rangi ya D40" ni kazi ya vichujio vile pamoja na mapishi ya JPEG ambayo Nikon iliweka mwaka 2006. Waliipika kwa chumvi nyingi. Tunaipenda chumvi, tunasema sufuria ndiyo tamu.

Jaribio nililofanya mwenyewe: niliazima Canon 400D, nayo ya 2006, CMOS, megapikseli 10.1. D40 ni CCD, megapikseli 6.1. Nikapiga kitenge kimoja kwenye kamba, mwanga mmoja, zote RAW (faili bichi, kabla kamera haijaipika), nikaweka rangi nyeupe sawa kwenye kompyuta. Nikamuita mke wangu achague ipi ni ipi. Alikosea mara nne kati ya sita. Halafu akaniuliza kwa nini kitenge chake kiko nje na mvua inakuja.

#9 Mwana_wa_Katuba, Lubumbashi

Mke wako si maabara.

Nina 5D ya 2005 (CMOS) na nina D70 (CCD), nazipiga pamoja kila wiki. Kwenye ngozi naona tofauti kwa macho yangu haya. Usiniambie sioni ninachoona.

#10 JiweJeusi, Goma

Sikatai unaona. Nabishana juu ya chanzo. 5D ina sensa ya ukubwa wa filamu, D70 ina ndogo, lenzi tofauti, kampuni tofauti, mapishi tofauti. Umebadilisha vitu vitano, halafu lawama umempa mmoja.

#11 Mwana_wa_Katuba, Lubumbashi

Mukubwa ukitaka kubishana na macho ya mtu

#12 Msimamizi

Ubishi wa CCD una uzi wake, una kurasa nyingi na hakuna aliyewahi kushinda. Tafadhali hamieni huko. Hapa turudi kwenye picha.

#13 Bahari_ya_Tanga, Tanga

😂😂 Msimamizi umewahi.

Mimi nina swali la mtu mdogo. Picha yako ya wavuvi na ya fundi, nyuso zinaonekana. Mimi nikipiga wavuvi hapa kwetu, bahari nzuri, anga nzuri, mtu mweusi tii kama kivuli. Nikipiga na simu hivyo hivyo. Kosa liko wapi?

#14 JiweJeusi, Goma

Hili ndilo swali nililotamani mtu aniulize, nivumilie nitakuwa mrefu.

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kina imani moja tu, kwamba dunia ukiichanganya yote inatoka kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye bahari inayong'aa, inasema "huu mwanga ni mwingi, napunguza," na mvuvi wako anazama gizani pamoja na hiyo punguza. Hapa Goma tuna ugonjwa wa kinyume. Ardhi yetu ni lava, ukuta wa uzio ni mawe ya lava, vumbi lenyewe ni jeusi. Kamera inaona weusi, inasema "giza, naongeza," basi mawe yanatoka ya kijivu kama yamepakwa jivu, anga inaungua mpaka inakuwa karatasi.

Kwa hiyo kuna kitufe cha alama ya +/-. Mtu mbele ya maji au anga, panda, anza na +1. Mtu mbele ya ukuta wa lava, shuka, -2/3 au -1. Kwenye simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha telezesha kidole juu au chini. Ndiyo hivyo tu. Nilipoteza mwaka mzima kabla ya kuelewa jambo hili, na lilikuwa limeandikwa kwenye kijitabu cha A520 ambacho nilikitumia kuwekea mguu wa meza.

Picha ya fundi niliipiga kwa kupima mkono. A520 ni kamera ndogo lakini ina M kwenye gurudumu lake, unaweka kasi na tundu mwenyewe. Nilipima mkono wenye jua, nikafunga hapo hapo, nikaacha nusu ya uso iende zake gizani. Wengine wangewasha flashi. Flashi kwenye uso uliojaa vumbi la mbao inaleta nyota nyota, mzee anaonekana kama ameng'atwa na upele.

Jingine ni saa. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Saa sita mchana jua liko juu ya utosi, macho ya watu yanakuwa mashimo mawili. Hapa mwanga mzuri ni kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi, na saa hizo hizo ndizo mlima unakuwa wazi. Ikifika saa tatu, nne, umeshajifunika mawingu kama mtu anayedaiwa.

#15 Bahari_ya_Tanga, Tanga

Kaka! Nimetoka nje sasa hivi, nimemgusa shangazi usoni (kwenye kioo cha simu jamani), nimetelezesha juu. Macho yanaonekana mpaka anavyonikasirikia. Ubarikiwe.

#16 Kijana_wa_Ndosho, Goma

Wakubwa, nisaidieni na mimi. Nina dola 120. Ninunue simu yenye kamera nzuri au apareyi ya mtumba? Nataka kuanza kupiga watu, wanilipe.

#17 Nyawera88, Bukavu

Mdogo wangu, simu unayo tayari, si ndiyo umeandikia hapa? Pesa ile weka kwenye apareyi. Mteja akiona simu anasema "hata mimi ninayo." Akiona apareyi anarekebisha kola. Ni ujinga, lakini ndiyo unaolipa kodi yangu.

Angalia vitu hivi kabla hujatoa pesa. Piga anga jeupe au ukuta mweupe kwa f/16 (tundu dogo), ukikuza ukiona madoa meusi ambayo hayahami hata ukibadilisha lenzi, ni vumbi kwenye sensa. Linasafishika, lakini teremsha bei. Kisha shika lenzi mbele ya tochi uchungulie ndani. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Sisi wa ziwani unyevu unatuua. Irudishe, usiichukue hata kwa nusu bei. Mimi lenzi zangu nazifungia kwenye debe la plastiki lenye mfuko wa mchele mkavu, watu wanacheka, kuvu haijacheka.

#18 JiweJeusi, Goma

Yote aliyosema yaya. Naongeza: kama ni Nikon ya D40, D3100, D3200 na ndugu zao, usinunue lenzi isiyo na mota yake. Tafuta herufi AF-S. Usiwe kama mimi na ile 50 yangu.

Na kamera shingoni katikati ya mji, acha. Iweke kwenye mfuko wa kawaida, uliza kwanza, piga, rudisha. Mpakani na kiwanja cha ndege usijaribu hata kwa simu.

#19 Kijana_wa_Ndosho, Goma

Aksanti. Nimeona D3100 ya 90. Nitachungulia na tochi.

#20 Mwana_wa_Katuba, Lubumbashi

Nimetulia sasa, narudi bila CCD.

Hapa kwetu ardhi ni nyekundu, inapaka kila kitu, mpaka viatu vya bwana harusi. Niliposoma habari ya kipimo nikaelewa kwa nini picha zangu za Katuba ngozi zinatoka na homa: udongo unarudisha wekundu wake usoni, chini ya kidevu hasa. Siku hizi natandika shuka jeupe chini, nje ya fremu. Watu wanauliza kama kuna msiba.

Na kwa wapenda picha mnaopita Lubumbashi: mji huu una kituo kinachoitwa Picha, ndiyo jina lake hasa, kilichoanzisha Biennale yetu, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili. Sammy Baloji, mmoja wa waanzilishi, ni mtoto wa hapa. Kuna kazi zake amewachukua watu wa picha za kale za enzi ya ukoloni, akawasimamisha juu ya picha mpya za magofu ya mgodi. Nilisimama mbele ya moja kwa muda mrefu mpaka mlinzi akanisogelea. Tangu hapo sijawahi tena kusema kuunganisha picha kwenye kompyuta ni udanganyifu.

#21 Nyawera88, Bukavu

Jamani nisaidieni haraka. Mtoto wa dada yangu amechukua kadi ya harusi ya Jumamosi akaifomati ili aweke muziki. Sijalia bado. Nitalia?

#22 JiweJeusi, Goma

Usilie, na USIIGUSE hiyo kadi. Ameshaweka muziki?

#23 Nyawera88, Bukavu

Alikuwa anatafuta waya. Nimeinyakua.

#24 JiweJeusi, Goma

Basi umepona. Kufomati kwa kawaida hakufuti picha, kunafuta daftari linalosema picha iko wapi. Kama nyumba zimebaki lakini vibao vya mtaa vimeng'olewa. Picha inakufa kweli pale kitu kipya kinapoandikwa juu yake.

Pakua programu inayoitwa PhotoRec, ni ya bure. Sura yake mbaya, maandishi meupe kwenye kioo cheusi, usiogope. Chagua kadi, kisha mahali pa kuhifadhi ambapo SI kadi hiyo hiyo. Iache ifanye kazi. Majina ya faili yatapotea, utapata f na tarakimu nyingi, lakini tarehe na saa ya kupigwa ziko ndani ya picha yenyewe, utazipanga kwa hizo.

#25 Nyawera88, Bukavu

Saa nane usiku. Zimerudi 611. Keki iko, bibi harusi yuko, mjomba aliyeanguka yuko. Mtoto wa dada yangu naye yupo, amelala, hajui alikuwa karibu na nini.

JiweJeusi, yale matusi nayapunguza kidogo. Deni la mzee linabaki.

#26 Neema_Gm, Goma

Jambo. Mimi si mtu wa picha, sijui ISO. Mdogo wangu amenitumia uzi huu saa hizi akaniambia nifungue ile ya kwanza.

Haikugeuzwa. Alikuwa mtu wa kushoto. Walimu walimpiga alipokuwa mdogo aandike kwa kulia, akaandika kwa kulia, lakini tezo hakuna aliyemfundisha, kwa hiyo ilibaki kushoto. Ile 7 yenye kimkia ni yake. Geti ni letu. Mtoto aliyekaa juu ya ubao ndiye huyu aliyenitumia, sasa ana ndevu.

Baba alifariki 2016. Picha zetu zilikuwa ndani ya sanduku la bati, chumba cha mama. Tarehe 22 Mei usiku tulitoka na mama mgongoni, hatukutoka na sanduku. Pale palipokuwa geti sasa ni mawe.

Nauliza tu kama unayo kubwa kuliko hii iliyoko hapa.

#27 Mwana_wa_Katuba, Lubumbashi

Eh.

#28 JiweJeusi, Goma

Dada Neema, pole sana kwa mzee. Nimeenda nje nikakaa kidogo kwanza, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Ninayo. Faili lenyewe kama lilivyotoka kwenye kamera, pikseli 2272 kwa 1704, halijaguswa. Liko sehemu tatu. Si hiyo moja tu. Nimefungua folda ya siku ile sasa hivi, kuna kumi na moja. Kwenye mbili anacheka, sikuwahi kuziweka popote kwa sababu mtoto ametikisika. Moja amemshika huyo mtoto kwa mkono wa kulia anamshusha, tezo bado iko kushoto.

Zote kumi na moja nakutumia leo kwa ujumbe wa ndani, bila kupunguzwa. Na karatasi nitatoa mimi, nilimwahidi.

#29 Nyawera88, Bukavu

Karatasi ya maana, kaka. Siyo ile inayogeuka njano. Ukikosa huko nitachapa hapa, naituma kwa boti.

#30 JiweJeusi, Goma

Nimepata, yaya, iko sehemu moja Himbi, nimeona kazi yao.

Dada Neema, ukubwa nimepiga hesabu. Megapikseli 4 kwa uchapaji mzuri zinatoa kama sentimita 19 kwa 14. Kwa hiyo sentimita 18 kwa 13 inakaa bila kuvutwa, hata nywele zenye vipande vya mti zitaonekana. Nikivuta zaidi ya hapo itaanza kulainika. Nitachapa tatu: ya mama, yako, ya mdogo wako.

Kitu kimoja tu unisaidie kuamua. Umbo la picha na umbo la karatasi havilingani, lazima nikate ukanda mwembamba, juu au chini. Nikikata chini, gurudumu analochonga linapungua. Nikikata juu, inaondoka ncha ya Nyiragongo na ule moshi. Wapiga picha wengi wangekuambia mlima ndio unaoshikilia picha. Nikate wapi?

#31 Neema_Gm, Goma

Kata mlima. Huo tunauona kila siku.